Hadithi za Kisayansi: Jina Lake Lafaa au Ladhuru?

Kazi ya kutoa majina ni ya kale sana. Maandiko yatuambia ya kuwa Adamu aliletewa wanyama ili awape majina, na tangu hapo wanadamu hawakuiacha kazi hiyo. Jina hutufaa. Mtu aendaye sokoni kutafuta mtama huuliza mtama, wala hafungui kila gunia. Walakini jina laweza pia kutuzuia, maana aliyekwisha kusikia jina la kitu hudhani amekijua, asikifungue kamwe.

Wenye kutunga vitabu na wenye kuviuza nao huvipanga kwa majina: hii ni historia, haya ni mashairi, hizi ni hadithi za upelelezi. Katika majina hayo limo moja lililobishaniwa kwa muda wa karibu miaka 100, nalo ni "hadithi za kisayansi". Wako wasemao ya kuwa jina hili limezikuza hadithi hizo, na wako wasemao ya kuwa limezifunga kama mbuzi kwenye kigingi. Twataka kuwaeleza wasomaji wetu jinsi jina hilo lilivyopatikana na jinsi lilivyotenda kazi, ndipo tutoe neno letu.

Kwanza yafaa tuseme maana yake. Hadithi ya kisayansi ni ile ambayo mtunzi huwaza jambo lisilokuwapo bado, kama chombo cha kufika katika nyota, au mashine yenye akili, kisha hulijenga jambo hilo juu ya elimu ya maumbile, wala si juu ya majini na uganga. Halafu huuliza: kama jambo hili lingekuwapo, watu wangeishije? Asitokee msomaji akasema ya kuwa huo ni uongo. Mwongo hutaka tuamini ya kuwa jambo limetukia. Mtunzi wa hadithi hatutaki tuamini hivyo. Bwana wetu alipotoa mfano wa mpanzi, hakuna aliyeuliza mpanzi yule alikaa kijiji gani.

Basi, hadithi za namna hii zilikuwapo zamani kabla ya jina lake. Kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa cha kwanza ni Frankenstein, kilichopigwa chapa London mwezi wa Januari 1818. Aliyekitunga ni Mary Shelley, naye alikianza mwaka 1816 alipokuwa na umri wa miaka 18 tu. Chasimulia habari za kijana mwanafunzi aliyeunda kiumbe kwa viungo vya maiti, akakitia uhai, kisha akakikimbia kwa kuchukizwa na sura yake. Kiumbe yule hakupewa jina lolote. Watu walimhukumu kwa kumtazama, wakamfukuza, hata mwisho akawa mwovu kweli kweli. Kitabu chenyewe kilitoka bila jina la mtunzi, na baadhi ya watu wakadhani ni kazi ya mumewe, mshairi Percy Shelley. Hakuna aliyekiita hadithi ya kisayansi, kwa kuwa jina hilo halijawa jina la aina yoyote ya vitabu. Kilisomwa kama riwaya nyingine, kikasifiwa na kulaumiwa kwa mambo yaliyomo.

Wa pili ni Jules Verne wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1828 na kufa mwaka 1905. Kitabu chake cha kwanza kilichompa sifa kilitoka mwaka 1863, nacho chaanza safari yake katika nchi tuijuayo sana. Wasafiri watatu wapanda puto kubwa katika pwani ya Zanzibar, wavuka bara la Afrika kwa majuma matano, washuka upande wa Senegal. Verne mwenyewe hakuwahi kufika huku. Aliyapata mambo yake katika ramani na vitabu vya wasafiri. Mchapishaji wake, Pierre-Jules Hetzel, alivipa vitabu vyake vyote jina moja, "Safari za Ajabu", akaviuza hasa kwa jamaa zenye watoto. Vilinunuliwa mno. Lakini jina la mtunzi wa watoto lilimgandama Verne. Mwaka 1894 gazeti moja la Marekani lilipiga chapa mazungumzo yake na mgeni aliyemtembelea nyumbani kwake Amiens, na humo mzee yule alisema kwa majuto ya kuwa hakupata mahali pake katika fasihi ya Kifaransa. Chama cha heshima cha waandishi wa Ufaransa, Académie française, hakikumchagua hata siku moja. Tazameni, basi: jina lile lile lililomjazia mfuko lilimfungia mlango.

Wa tatu ni H. G. Wells, Mwingereza. Mwaka 1895 alitoa hadithi ya chombo cha kusafiria katika wakati, na mwaka 1898 kitabu cha viumbe wa sayari ya Mars waliokuja kuiteka Uingereza kwa silaha kali, kama wazungu walivyoziteka nchi za wengine. Vitabu vyake viliitwa riwaya za sayansi, naye hakuona haya kwa jina hilo. Walakini Verne alipoulizwa habari za Wells, alikataa kufananishwa naye, akisema ya kuwa yeye Verne hutumia elimu iliyopo, na Wells hubuni tu. Leo vitabu vya wawili hao hukaa katika rafu moja, ubavu kwa ubavu, ilhali mmoja wao hakukubali ya kuwa kazi yao ni moja.

Sasa twalifikia jina lenyewe. Kwa Kiingereza lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1851 na mtu mmoja, William Wilson, katika kitabu chake kidogo, lakini hakuna aliyelifuata, likasahauliwa. Aliyelieneza ni Hugo Gernsback. Mtu huyu alizaliwa Luxembourg mwaka 1884, akahamia Marekani mwaka 1904, akawa mwuzaji wa vyombo vya umeme na redio na mtoaji wa magazeti ya ufundi. Mwezi wa Aprili 1926 alitoa gazeti jipya, Amazing Stories, la kwanza katika lugha ya Kiingereza lenye hadithi za namna hii tupu. Katika toleo la kwanza alipiga chapa tena kazi za Verne, Wells na Edgar Allan Poe, akaeleza hadithi aitakayo: kisa kitamu kilichochanganywa na mambo ya kweli ya sayansi, pamoja na maono ya siku zijazo. Akaiita kwa neno aliloliunda kwa kuyabana maneno mawili kuwa moja, nalo lilikuwa gumu kinywani. Mwaka 1929 alifilisika, akalipoteza gazeti lile. Mwaka huo huo akaanzisha jingine, Science Wonder Stories, na humo akalitumia jina jepesi zaidi, ndilo tunalolifasiri kwa kusema hadithi za kisayansi. Jina hilo likashika.

Basi twaona ya kuwa jina hili lilienezwa na mwuzaji, wala halikutoka kwa wataalamu wa fasihi. Tusimcheke. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, lakini katika historia hii hata kizuri kilihitaji mtu wa kukitembeza. Kabla ya Gernsback, mpenzi wa hadithi hizi alizipata moja moja, kama mtu aokotaye kuni njiani. Baada yake, alijua aulize nini dukani.

Tena jina likakusanya watu. Gernsback alipiga chapa barua za wasomaji pamoja na anwani zao, na wasomaji wakaanza kuandikiana wao kwa wao. Vijana waliokuwa peke yao katika miji yao wakajua ya kuwa wana ndugu mahali pengine. Vyama vikaundwa, na mwaka 1939 wapenzi wa hadithi hizi walikutana New York katika mkutano wao wa kwanza ulioitwa wa dunia, nao walikuwa watu wapatao 200. Tangu mwaka 1953 wapenzi hao hutoa tuzo iitwayo Hugo, kwa kumkumbuka Gernsback.

Uko mfano mmoja utupendezao sana sisi walimu. Isaac Asimov aliletwa Marekani kutoka Urusi mwaka 1923, akiwa mtoto mdogo. Baba yake alikuwa na duka la peremende na magazeti katika Brooklyn, naye alimkataza mwanawe kusoma magazeti ya hadithi yaliyokuwa dukani, akiyaona kuwa takataka. Mwaka 1929 mtoto, mwenye umri wa miaka tisa, alimwonyesha baba gazeti lile la Science Wonder Stories, akamwambia ya kuwa neno "sayansi" limeandikwa juu yake, kwa hiyo lina mafunzo. Baba akakubali. Mtoto yule alikuwa mwalimu wa kemia ya viumbe katika chuo kikuu cha Boston, tena mtunzi na mhariri wa vitabu vinavyohesabiwa kwa mamia. Hapo jina lilifungua mlango, na neno moja juu ya jalada lilitosha kuwa ufunguo.

Hayo ndiyo mema yake. Sasa tuseme na mabaya, maana yapo. Magazeti yale yalipigwa chapa katika karatasi hafifu, na majalada yake yalijaa picha za madudu yenye macho makubwa. Waandishi walilipwa kidogo, na Gernsback alijulikana kwa kuchelewesha malipo. Kwa kuwa jina lilikuwa limezaliwa katika nyumba ile, watu wenye elimu walidhani ya kuwa kila mwenye jina hilo ni wa karatasi hafifu. Ndipo likazuka jambo la ajabu: kitabu cha namna hii kikiwa kizuri sana, huambiwa ya kuwa si cha namna hii. Aldous Huxley mwaka 1932 alieleza dunia ambayo watoto hutengenezwa katika chupa. George Orwell mwaka 1949 alieleza dola ya siku zijazo imtazamayo kila mtu chumbani mwake kwa chombo kilichotundikwa ukutani. Vitabu hivi viwili vyatimiza kila sharti tulilolitaja, lakini mara nyingi maduka huviweka katika rafu ya fasihi kuu, mbali na jamaa zake. Kwa desturi hiyo jamaa maskini hubaki maskini daima, kwa maana kila mtoto wake atajirikaye hupewa ukoo mwingine.

Kurt Vonnegut wa Marekani aliyaonja mambo hayo. Riwaya yake ya kwanza, iliyotoka mwaka 1952, yaeleza watu walionyang'anywa kazi zao na mashine, naye aliyaona mambo hayo katika mji aliofanya kazi. Mwaka 1965 aliandika ya kuwa ni wahakiki waliomjulisha kwamba yeye ni mtunzi wa hadithi za kisayansi. Alilalamika ya kuwa ametiwa katika droo ambayo wahakiki wengi huidharau, kwa kosa la kuzitambua mashine tu. Lakini alikiri pia ya kuwa wako watunzi waliopenda kukaa katika droo ile, kwa sababu mlikuwa na urafiki kama wa jamaa moja.

Je, waliopita mbali na rafu ile walikosa nini? Twatoa jambo moja. Mwaka 1914 Wells aliandika habari za mabomu ya atomu. Mtaalamu Leo Szilard, mzaliwa wa Hungaria, alikisoma kitabu kile mwaka 1932, na mwaka uliofuata akaiwaza njia ya kuifungua nguvu iliyomo katika atomu. Mwezi wa Machi 1944, vita kuu ikiendelea, gazeti la Astounding Science Fiction lilipiga chapa hadithi ya Cleve Cartmill yenye kueleza bomu la namna hiyo, hata wapelelezi wa serikali ya Marekani wakaja kuuliza siri imevujaje. Haikuwa siri, mtunzi alikuwa ametumia elimu iliyokuwa imekwisha kutangazwa. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomu likaangushwa Hiroshima. Neno ambalo wakubwa wengi walilisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza, watoto wenye kusoma magazeti ya karatasi hafifu walikuwa wamekwisha kulitafakari, pamoja na swali la kama mwanadamu astahili kukabidhiwa nguvu hiyo.

Kwa sisi Wakristo yafaa tumtaje C. S. Lewis, mwalimu wa Oxford na baadaye Cambridge, aliyeandika vitabu vingi vya kuitetea imani. Mwaka 1938 alitoa riwaya ya mtu aliyechukuliwa mpaka Mars, akakuta huko viumbe wasioanguka dhambini. Kwa njia hiyo aliwahubiri watu ambao wasingeingia kanisani. Mwalimu huyu hakuona haya kuyapa hadithi zake magazeti yenye jina hili juu yake. Tena mwaka 1955, akizungumza Cambridge, alisema ya kuwa mtu aichukiaye aina fulani ya vitabu hafai kuwa mwamuzi wake, kwa kuwa hawezi kutenganisha kizuri na kibaya ndani ya kitu anachokichukia chote. Twaona neno hilo ni la haki.

Waandishi wengine wamelikimbia jina. Margaret Atwood wa Kanada alitoa mwaka 1985 The Handmaid's Tale, riwaya ya nchi ambayo wanawake wamenyimwa hata ruhusa ya kusoma. Alisema ya kuwa hakutia humo jambo ambalo wanadamu hawajapata kulitenda mahali fulani, na kwa hiyo alipenda kitabu kiitwe kwa jina jingine, la hadithi za kuwaza yawezekanayo. Walakini mwaka 1987 kitabu hicho ndicho kilichopewa tuzo ya Arthur C. Clarke ilipotolewa kwa mara ya kwanza, nayo ni tuzo ya hadithi za kisayansi. Mwaka 2009 Ursula K. Le Guin, mtunzi mkuu wa hadithi hizi, alimjibu Atwood kwa upole. Alisema ya kuwa mpaka ule kama kwamba umewekwa ili kuvikinga vitabu vya Atwood na rafu inayodharauliwa na wenye kutoa tuzo. Le Guin alikuwa na haki ya kusema, kwa kuwa yeye alikaa katika nyumba ile yenye dharau na kuitengeneza kutoka ndani. Mwaka 2014 alipewa nishani kubwa ya vitabu katika Marekani, akaipokea kwa niaba ya wenzake wote waliotengwa na fasihi kwa miaka mingi.

Huenda msomaji akauliza kama dharau hiyo ni ya kweli au ni manung'uniko ya watunzi. Mwaka 2017 wataalamu wawili wa Marekani, Chris Gavaler na Dan Johnson, walitangaza jaribio lao. Waliwapa watu kisa cha mtu aingiaye mahali pa kula. Wengine wakapewa kisa hicho katika mji wa kawaida, wengine katika kituo kilichomo angani chenye viumbe wageni. Waliopewa cha angani walikihesabu kuwa na thamani ndogo, wakakisoma kwa uangalifu mdogo, na wakakosa zaidi walipoulizwa yaliyomo. Jaribio moja si mwisho wa maneno, lakini latuonyesha jinsi dharau itendavyo kazi: mtu aona ishara ya aina, apunguza bidii, kisha alaumu kitabu kwa ajili ya bidii aliyoipunguza mwenyewe.

Mwisho tuwataje waliojitafutia jina lao wenyewe. Nnedi Okorafor, aliyezaliwa Marekani kwa wazazi wa Nigeria, ametunga kisa kiitwacho Binti, neno tunalolijua sote. Kilitoka mwaka 2015, kikapata tuzo za Hugo na Nebula mwaka uliofuata. Chaeleza msichana wa kabila la Wahimba, aliye wa kwanza wa watu wake kwenda chuo kikuu katika sayari nyingine. Wahakiki walimtia Okorafor chini ya jina lililotungwa na mhakiki wa Marekani katika miaka ya 1990 kwa ajili ya kazi za watu weusi wa huko. Yeye aliona halimtoshi, na mwaka 2019 akatangaza jina lake mwenyewe, la hadithi za siku zijazo zenye mizizi katika Afrika yenyewe.

Hata katika Kiswahili swali hili lipo. Katama Mkangi wa Kenya alitoa Walenisi mwaka 1995. Mtu wake, Dzombo, ahukumiwa, atiwa katika chombo kirukacho, afika katika sayari ambayo watu wake huishi kwa haki. Tukiiita hadithi ya kisayansi, msomaji atakitazama chombo. Tukiiita riwaya ya siasa, ataitazama dhuluma. Kitabu kina vyote viwili, na mwenye kukisoma chote ndiye avipataye.

Sasa twatoa neno letu. Katika historia hii tumeona watoaji watatu wa jina. Mwuzaji alilitoa ili watu waingie, nalo likafaa, hata mtoto wa Brooklyn akapata ufunguo. Mwamuzi alilitumia ili asiingie, nalo likadhuru, hata mzee wa Amiens akafa na majuto. Mwenyewe alijipa ili aseme yeye ni nani, na hiyo ni haki yake. Jina ni lile lile kama kibao cha njia panda. Kibao chaonyesha njia iendako kijijini, lakini hakiwezi kusema habari za watu wakaao humo. Kwa hiyo hatukubaliani na watakao kuling'oa. Wapita njia wangepotea. Wala hatukubaliani na wasomao kibao wakarudi kwao na kusema wamekijua kijiji.

Twawasihi walimu na wazazi walifuate neno hili katika rafu za shule zetu. Mwandike majina juu ya rafu, ili mtoto apate atafutacho. Lakini msimwambie kamwe ya kuwa rafu fulani ni ya wenye akili na fulani ni ya wajinga. Nathanaeli naye alikuwa mtu mwema asiye na hila, walakini aliposikia jina la Nazareti tu alitia shaka kama jambo jema laweza kutoka huko. Filipo hakubishana naye habari za jina la mji. Alimwita aende akaone kwa macho yake, naye akaenda.